Majina ya Maua ya Ndani: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi ghorofa ya tatu, Ntinda, Kampala. Barazani na madirishani nina vyungu thelathini na vinne, na karibu kila aliyemo ana jina analoitwa kwalo. Wageni huanza kwa kucheka, kisha huuliza. Wanaokuja kuchukua vipandikizi huuliza zaidi. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Mengine ni ujuzi, mengine ni maoni yangu tu, na ninaamini utayatofautisha.

Ua lina jina lake tayari. Kwa nini nilipatie jingine?

Jina lililonalo ni la kabila zima. Ukiniambia "monstera" ni kama kuniambia "Msoga": nimejua alikotoka, sijamjua ni nani. Na hapa kwetu hata hilo la kabila hulipati kwa urahisi. Wauzaji wa kando ya barabara huita kila kitu maua, hata kile kisichochanua maisha yake yote, na ukiuliza sana unaambiwa "hili la pesa, hili la kivuli".

Kama unaona aibu, jua kwamba wanasayansi nao wamefanya hivyo hivyo miaka yote. Dieffenbachia, lile lenye majani mapana ya madoadoa, lina jina la Joseph Dieffenbach, aliyekuwa mtunza bustani za kasri la Schönbrunn kule Vienna. Saintpaulia, kale kaua ka zambarau kenye majani ya manyoya, ni ka Milima ya Usambara, lakini jina ni la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani wa Tanga aliyelikusanya mwaka 1892. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika jaridani kwa jina hilo. Siku hizi wataalamu wameliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, kama walivyoihamisha Sansevieria ikawa Dracaena. Majina yao yanahama. La kwako litakaa pale ulipoliweka.

Je, ua lenye jina hukua vizuri zaidi?

Ua halisikii. Anayesikia ni wewe.

Kabla sijaanza mambo haya nilikuwa namwagilia maji kila Jumamosi asubuhi, vyungu vyote, kikombe kimoja kimoja, kama askari wanaopokea posho. Nikaozesha mizizi ya nusu yake. Maua mengi ya ndani hayafi kwa kiu, hufa kwa kuzama, maana mizizi nayo inahitaji hewa, na udongo uliolowa wakati wote hauna hewa. Lile la majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, Zamioculcas, ambalo kwao ni Afrika Mashariki na Kusini, lina viazi chini ya udongo vya kuhifadhi maji. Linaweza kukaa wiki tatu bila tone na lisikulaumu.

Nilipoliita Mzee Polepole niliacha kulimwagilia hovyo. Huwezi kumlazimisha mzee kunywa. Jina limekuwa maelezo ya matunzo ambayo siyasahau, na kwangu hiyo ndiyo faida yake yote.

Nikilinunua leo, nilipatie jina leo?

Hapana. Subiri jani jipya.

Ua linapotoka kwa muuzaji limekulia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya kivuli cha wavu, na majirani mia wanaolipatia unyevu. Ukilileta kwenye chumba chenye dirisha moja linashtuka. Litaangusha majani mawili matatu, litainama, litakufanya ufikiri umeuziwa ugonjwa. Hiyo huchukua wiki kadhaa. Jani la kwanza litakalofunguka nyumbani mwako ndilo linalosema limekubali kukaa, na kufikia hapo utakuwa umeshaona tabia yake: linakimbilia mwanga, linanuna, linakunywa sana, linajikausha ncha.

Mimi nilifanya haraka mara moja. Nilinunua kangaga kwa shilingi 10,000, majani yake yamemwagika kama nywele, nikaliita Malkia siku hiyo hiyo kwenye bodaboda. Nikaliweka dirisha la magharibi, jua la saa tisa likalipiga siku kumi. Malkia alikufa kabla ya kutawazwa.

Unapendekeza majina gani ya Kiswahili?

Hapa nitakaa kidogo, maana Kiswahili kina hazina ambayo watu wanaipita wakikimbilia majina ya filamu.

Anza na *Subira* kwa mshubiri. Unajua usemi "chungu kama shubiri", na unajua "subira yavuta heri". Maneno haya mawili yametoka Kiarabu, na huko shina lao ni moja: neno la uvumilivu na neno la ule utomvu mchungu ni ndugu. Kwa hiyo ukimwita mshubiri wako Subira, hujabuni kitu, umemrudishia jina la ukoo. Tena linamfaa. Huishi kwenye mchanga na kokoto, huwekwa juani, hunyweshwa mara chache.

*Mbaazi* ni la ua linalokataa kuchanua. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nina okidi mmoja niliyepewa na rafiki aliyehama, na kwa muda mrefu sijamwona na ua. Nimemhamisha madirisha matatu. Anaitwa Mbaazi, na kila nikimwita nakumbuka kwamba huenda kosa si la jua bali ni langu.

*Kifauwongo*, kwa asili, ni ule mmea wa porini unaokunja majani ukiguswa, ukajifanya umekufa. Jina hilo nimelihamishia kwa spathiphyllum, lile lenye ua jeupe kama bendera ya amani. Likikosa maji kidogo linaanguka chini lote, majani yananing'inia nje ya chungu, mgeni anakupa pole. Limwagilie saa nne asubuhi, saa nane limesimama. Ni mwigizaji.

*Chausiku* huitwa msichana aliyezaliwa usiku. Mpe ile kakatasi ya majani bapa inayochanua usiku mmoja na kufika asubuhi imenyauka. Utajikuta unakesha naye kama mkunga. Na ile Maranta inayokunja majani yake juu jioni ikiingia inafaa kuitwa *Magharibi*.

*Sikudhani* ni jina la watu kabisa, la mtoto ambaye hakutarajiwa. Linakifaa kipandikizi ulichokitupa kwenye kopo la maji ukakisahau, kikatoa mizizi. *Mgeni* ni la ua lililoota lenyewe kwenye chungu cha mwenzake. *Shida*, *Mashaka* na *Tabu* ni majina ambayo wazee wetu waliwapa watoto waliozaliwa nyakati ngumu, na kwa ua lililookolewa jalalani hayana ubaya wowote.

Halafu kuna majina ya siku, ambayo nayapenda kwa sababu yanafanya kazi. Mwajuma hupata maji Ijumaa. Hamisi hupata Alhamisi. Nina Mwanahamisi pia, yuko chumba kingine, na siku ni hiyo hiyo. Rafiki yangu anayesahau kila kitu amewapa maua yake yote majina ya siku na hajaua hata moja tangu hapo. Ila mvua za Machi hadi Mei zikishika, gusa udongo kwanza kwa kidole. Mwajuma anaweza kuruka Ijumaa moja bila kinyongo.

Na majina ya makabila ya Uganda, ninaweza kuyatumia?

Baadhi, ndiyo. Mengine yana wenyewe.

Kwa Waganda jina si neno zuri tu ulilolisikia ukalipenda. Kila ukoo una majina yake, na ukitaja jina la mtu, msikilizaji ameshajua kama ni wa Mmamba, wa Ngo au wa Nkima. Kulichukua jina la ukoo wa watu ukalibandika kwenye chungu cha msalani kunaweza kumchoma mwenye nalo, hata kama atacheka mbele yako. Mimi naweka mpaka hapo: majina ya koo, vyeo vya kifalme na majina ya marehemu wa karibu siyagusi.

Majina ya masimulizi ya kale ni jambo jingine. Nina vyungu viwili vinavyokaa pamoja, Kintu na Nambi, mume na mke wa kwanza katika simulizi ya Waganda. Nambi ndiye aliyekuwa na haraka ya kurudi mbinguni kuchukua ulezi wa kuku, na ua langu lenye jina lake limejinyonga kwenye kamba kwa kurudi lilikotoka kila nikiligeuza. Ila usimlete Walumbe. Katika simulizi yeye ndiye Kifo, aliyewafuata duniani kwa sababu ya ulezi huo. Ukimpa ua jina hilo halafu likaanza kuoza, utakuwa umeliita mwenyewe.

Wabanyoro na Watooro wana kitu kitamu zaidi, *empaako*. Hayo ni majina ya upendo na heshima yasiyozidi kumi na mawili, ambayo kila mtu hupewa moja juu ya jina lake: Abbooki, Abwoli, Acaali, Adyeri, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Ateenyi, Atwoki. Huwezi kumsalimu mtu wa Fort Portal vizuri bila kumuuliza empaako yake. UNESCO iliiweka desturi hii mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilimuuliza mama mmoja Mtooro, jirani yangu wa chini, kama ni utovu wa adabu kumwita ua kwa empaako. Akasema, "Ukimsalimu kila asubuhi, si utovu. Ukimpa halafu ukanyamaza, huo ndio utovu." Yeye ndiye aliyechagua Ateenyi kwa lile ua la majani marefu yenye michirizi kama nyoka, kwa kuwa masimulizi yao yanalihusisha jina hilo na nyoka wa Mto Muziizi. Akanionya tu nisiguse Okaali. Hiyo ni ya Omukama, mfalme wao.

Kaskazini majina husema mtoto alikuja vipi. Kwa Waacholi, Okot au Akot ni aliyezaliwa kwenye mvua. Kwa Walugbara, Candiru husimulia taabu za wakati huo. Nilikulia Bombo, ambako kwenye uchochoro mmoja unasikia Kinubi, Kiswahili na Kiganda kabla chai haijachemka, na nimeona kwamba majina haya ya matukio hayamkeri mtu. Kila mtu anajua maana ya mvua.

Na kuna luwaanyi. Huyu ni Dracaena fragrans, wanayeuza mjini kwenye vyungu vya bei kama mgeni kutoka ng'ambo, wakati vijijini Buganda ndiye anayepandwa mpakani mwa shamba ili ndugu wasigombane. Wangu nimemweka kati ya meza yangu na ya mume wangu. Anaitwa Mpaka.

Nimegawa ua moja likawa mawili. Majina?

Umezaa mapacha, na Uganda haina uhaba wa majina ya mapacha. Kwa Waganda, wavulana ni Wasswa na mdogo wake Kato. Wasichana ni Babirye na Nakato. Busoga wa kiume ni Waiswa na Tenywa. Kwa Waacholi na Walango ni Opio na Ocen, au Apio na Acen. Kipandikizi kitakachofuata baada ya mapacha ni Kizza huku kwetu, na kule kaskazini ni Okello au Akello. Ua uliloligawa kabla yao, kama lipo, ni Kigongo. Na wewe mwenyewe umekuwa Ssalongo au Nnalongo, baba au mama wa mapacha, kwa hiyo dai heshima yako.

Utaratibu huu unasaidia kuliko unavyodhani. Lile ua la pesa linalotambaa hugawika kila mwezi, na lile la kamba-kamba linaloangusha vitoto hewani, Chlorophytum, halijui uzazi wa mpango. Bila mfumo utaishiwa na majina kabla ya Krismasi.

Niseme "Subira amechipua" au "Subira umechipua"?

Swali hili huniletea walimu wa Kiswahili mlangoni. Mmea *umechipua*, ua *limechipua*. Lakini ukishaupa jina la mtu, *amechipua*. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya kwenye hadithi: mti ukianza kusema, unaacha kuwa "u" unakuwa "a". Kwa hiyo Subira wangu amechipua, majani yake yamenenepa, Wasswa na Kato wamehamishwa. Ukijisikia kusema "Subira limenyauka", angalia vizuri. Mara nyingi ni dalili kwamba jina halijashika, bado ni ua tu kwako.

Mimi hutumia kigezo hicho kwa makusudi. Jina lisiloweza kubeba "a" nalibadilisha.

Nijuaje kama ni wa kiume au wa kike?

Maua mengi ya ndani yana viungo vyote viwili kwenye ua moja. Si kama mpapai. Chagua unavyopenda, au tumia majina yasiyobagua kama Bahati, Zawadi na Neema.

Ninaweza kulipatia ua jina la mtu maarufu?

Wanariadha wanafaa sana. Ua la pesa langu linalopanda ukuta linaitwa Cheptegei, kwa heshima ya Joshua Cheptegei, aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia mwaka 2020 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki Paris 2024. Siku za mvua naapa unaweza kuliona likienda. Nina Chemutai pia. Peruth Chemutai ndiye mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, kwenye mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021, na mbio zake ni zile za kuruka viunzi na dimbwi la maji. Ua lake ndilo linalopenda maji kuliko yote nyumbani. Aliye mrefu mwenye mafundo kama vikwazo ni Akii-Bua, bingwa wetu wa Olimpiki wa mita 400 kuruka viunzi, Munich 1972.

Wanasiasa sipendekezi. Ukiliita la mheshimiwa halafu likanyauka mbele ya wageni, utaanza kujieleza. Na likinawiri kupita wenzake utajieleza zaidi.

Na ndugu wa familia?

Uliza kwanza, na mpe ua zuri. Shangazi yangu, ambaye tunamwita ssenga, alikubali jina lake liende kwa begonia kwa sharti kwamba nitamtumia picha kila mwezi. Sasa anapiga simu likikosa picha. Anauliza, "Mimi hali yangu ikoje?"

Ila kuna moja ambalo lisikuponyoke. Waingereza huliita lile ua la nyoka "ulimi wa mama mkwe", kwa sababu jani ni refu na lina ncha. Kwao ni mzaha. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, hawapeani mkono, hata njiani hupishana kwa mbali. Mwenzangu mmoja aliandika jina hilo kwenye kibao, mama wa mkewe akaja kumtembelea mjukuu. Ua lilihamia kwa jirani kabla ya chai.

Majirani wataniona mchawi?

Wengine watakuona hivyo, tusidanganyane. Mti wenye jina la mtu si jambo geni Uganda. Kule Mubende, juu ya kilima, upo mti wa Nakayima, mkubwa kiasi kwamba mizizi yake imejenga vyumba, na watu hupanda hadi huko kuomba na kuacha sadaka. Kwa hiyo jirani mlokole akikusikia unamsalimu Ateenyi saa moja asubuhi, ana sababu ya kukunja uso.

Nimegundua kinachowatuliza ni kicheko na kipandikizi. Mwalike aje kuona. Mwambie huyu anaitwa Mwajuma kwa sababu hunywa Ijumaa. Akiona hakuna kaniki wala hirizi, tena akaondoka na kopo lenye shina la bure, mambo yamekwisha. Yule mlokole wa ghorofa ya pili sasa ana maua saba, na yote yana majina ya Biblia. Eliya ndiye aliyekaa muda mrefu bila mvua.

Jiandae pia wewe mwenyewe kubadilishwa jina. Wanaume wa Karamoja huitwa kwa ng'ombe dume wampendaye, fulani wa ng'ombe wa rangi fulani. Hapa kwenye jengo letu mimi si mama wa mtoto wangu tena. Ni Mama Subira.

Maua yenye sumu niyaite nini?

Jina liwe onyo ambalo mtoto wa miaka minne analielewa. Utomvu wa dieffenbachia una chembechembe kama sindano zinazovimbisha ulimi na koo ukiitafuna. Yangu inaitwa Kaa Mbali, na iko juu ya kabati. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani ambao Kiganda ni nkoni na wengi wameupanda uani, una maziwa yanayoumiza macho vibaya. Huo uite Usinishike, au, ushauri wangu wa kweli, usiuingize ndani kabisa ukiwa na watoto. Monstera, ua la pesa na spathiphyllum nazo huwasha mdomo. Usimpe ua la namna hii jina tamu kama Pipi au Asali.

Watoto wangu wanataka kuchagua. Niwaache?

Waache, na uandike wanachosema. Mwanangu aliita kakatasi "Baba" kwa sababu ya ndevu. Limekaa hivyo.

Kuna faida ya pembeni. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini watoto wengi wa Kampala wanakisikia kama lugha ya askari na ya madereva wa malori. Mtoto anayemwagilia Chausiku na kumgeuza Mgeni aelekee dirishani amejifunza maneno sita bila daftari. Maneno ya kulia, kushoto, mizizi, jani, ncha na kivuli wangu waliyapata barazani, si darasani.

Jina niliandike wapi?

Wino wa kalamu ya kawaida huliwa na jua mwezi mmoja. Penseli hudumu. Kata kipande cha jerikani la zamani au kifuniko cha ndoo, kisugue kwa msasa kidogo, andika kwa penseli, choma udongoni. Upande mmoja jina la upendo, upande wa pili jina la kitaalamu na tarehe lilipofika. Hiyo ya nyuma utaihitaji siku ya kutafuta dawa ya wadudu, maana hakuna duka litakalojua Mzee Polepole ni nani.

Jina likikataa?

Libadilishe. Hakuna cheti. Ishara ni kwamba unaendelea kusema "lile la pale dirishani" mwezi mzima baada ya kulibatiza.

Likifa, jina lake lifanywe nini?

Inategemea kama limeacha mrithi. Waganda huwa na *okwabya olumbe*, sherehe ya kumaliza msiba ambapo mrithi wa marehemu hutangazwa mbele ya watu, akachukua nafasi na majukumu yake. Ua lililoacha kipandikizi hai nami humfanyia hivyo: kipandikizi huchukua jina, chungu na mahali pa dirishani. Nambi niliye naye ni wa tatu.

Lililokufa bila kuacha kitu, jina nalo napumzisha. Sijawa na Malkia mwingine.

Na kabla ya kulia, toa mzizi uutazame. Ukiwa mweusi, laini, unanuka, ulilizamisha. Ukiwa mkavu na unakatika kama uzi, ulilisahau. Lazima ujue kabla ya kuweka mwingine kwenye chungu hicho, na udongo wa aliyeoza usiutumie tena.

Unauza vipandikizi vikiwa na majina yake?

Bila majina. Nitakuambia mama yake anaitwa nani, anakunywa mara ngapi na anapenda dirisha gani. Lililobaki ni lako na jani la kwanza. Njoo Jumamosi mchana, na ulete kopo lako, langu limeisha.